Neno "keep" na maharage ya mama

Kati ya maneno yote ya Kiingereza ninayofundisha, hakuna nililolionea fahari kama "keep". Ni fupi, halina makeke, na kila mwanafunzi anadhani analijua. Nilikuwa naliandika ubaoni peke yake, kwa herufi kubwa, kisha nawageukia kidato cha pili na kuwauliza maana yake. Mikono yote juu. "Kutunza, madamu!" Nawaacha wafurahi kidogo, halafu naanza kuwavuruga.

Nawaambia haya, liwekeni mbele ya kuku. Hapo si kutunza tu, ni kufuga. Liwekeni mbele ya ahadi, mtu anaitimiza. Mbele ya siri, anaificha. Mwalimu akiliweka mbele ya ukimya huku amekunja uso, maana yake nyamazeni. Ukimpa muuza duka noti na kumwambia neno hilo kuhusu chenji, chenji umemwachia. Liwekeni mbele ya kutembea, mtu hasimami, anaendelea kwenda. Likifuatwa na neno la umbali, maana yake kaa huko huko, usisogee. Hata chakula kinalo lake: kikikaa siku mbili bila kuchacha, Waingereza wanasema kime-"keep", kana kwamba chakula chenyewe ndicho kilichojitahidi.

Darasa linakuwa limechanganyikiwa vya kutosha. Ndipo ninawaonyesha kwamba neno lenyewe wanalo mdomoni tangu utotoni: golikipa, stokipa, na ile kiplefti wanayoisikia kwa madereva. Mwaka mmoja msichana mrefu wa kutoka Nemba, aliyedakia timu ya wasichana ya shule, alisimama akauliza kwa heshima zote, "Sasa madamu, mimi ni kipa, na juzi nimefungwa matano. Hapo nili-'keep' nini?" Tulicheka hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia dirishani.

Nasimulia hayo ili ieleweke kwamba neno hili nilikuwa nalijua. Nililijua kila upande wake, na nililipwa mshahara kwa kulijua. Ninapokumbuka jinsi nilivyokuwa nikisimama pale mbele na chaki, nikiwa nimejishika kiuno, najionea aibu.

Shule ninayofundisha iko Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo. Kwetu ni Kirushya, Ngara. Nilipopata ajira nikapewa nyumba ya mwalimu, nyuma yake kuna kiwanja cha kutosha kulima mboga na zaidi. Mama alipokuja kuitazama hiyo nyumba, hakuhangaika na vyumba wala na bati. Alizunguka nyuma moja kwa moja, akachota udongo, akaufikicha, akasema, "Hapa ni pazuri."

Jioni ile akanitolea dumu dogo la mafuta ya kula. Ndani mlikuwa na maharage yaliyochanganywa na majivu, yale ya kwake ya njano yenye jicho jeusi. Sijayaona sokoni, si Ngara wala Biharamulo. Alipewa na mama yake alipoolewa, naye bibi alipewa na wake. Yanaiva upesi, mchuzi wake ni mzito, na ndiyo tuliyolishwa sisi wote tulipoachishwa ziwa.

Kwetu mwanamke haweki mbegu zake zote katika nyumba moja. Mvua ya mawe inaweza kupiga kilima hiki na kukiacha kile cha pili. Kwa hiyo sehemu ya mbegu hupelekwa kwa binti aliyeolewa mbali au anayefanya kazi mbali, naye hupanda mistari michache kila msimu, anavuna, anaweka mpya. Siku mama akiharibikiwa, binti anarudisha. Hakuna asiyeujua utaratibu huo, na mimi niliujua kabla sijajua kusoma. Hata hivyo mama alirudia, maana alinifahamu. "Mistari miwili mitatu inatosha, mwanangu. Usiyaache yakalala. Yakilala misimu mingi yanakufa yakiwa mazima hivyo hivyo."

"Sawa, mama. Nitapanda."

Sikupanda. Natamani ningekuwa na sababu ya maana, lakini sina. Msimu wa kwanza nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Msimu wa pili nilipanda spinachi na maua. Ukweli wenyewe ni kwamba wanafunzi wengi hupita nyuma ya nyumba yangu Jumamosi wakienda kisimani, na sikutaka wanione nimeinama na jembe, kanga imefungwa kiunoni, kama mama zao. Mimi nilikuwa madamu wa Kiingereza. Dumu nikaliweka juu ya kabati, nikalifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe, likapendeza.

Mama alipiga simu kila msimu. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha parokiani, na herufi l na r hazikumsumbua kichwa.

"Umepanda?"

"Nimepanda, mama."

"Yameota?"

"Yameota vizuri sana."

"Na mbegu umeweka? Ziko sarama?"

"Ziko salama."

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini nina mdomo, na nikianza kusimulia napenda kunogesha. Nilimwambia msimu mmoja kuku wa jirani walifukua mstari mzima nikalazimika kurudia. Msimu mwingine nikamwambia walimu wenzangu wameonja wakaomba mbegu. Mama alifurahi hadi nikamsikia akimhadithia mke wa kaka yangu pale pale, simu ikiwa sikioni. "Ana mkono mwema huyu," akasema. "Kachukua kwangu."

Hapo lazima nieleze habari ya mkono. Katika kilima chetu, kabla ya kuanza kupanda, akina mama humwita mmoja wao aweke mbegu za kwanza katika shamba. Haitwi kwa umri wala kwa mali. Anaitwa yule ambaye kila alichokiweka ardhini kimeonekana kuota. Mama aliitwa tangu nikiwa mdogo. Alikuwa anatoka alfajiri na jembe lake begani, anaweka mbegu shimo la kwanza, la pili na la tatu, anaomba Baba Yetu, wengine ndio wanaanza. Hakulipwa. Alipewa kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakati wa mavuno, basi. Lakini njiani watu walimpisha, na nadhani hakuna jambo lililompendeza duniani kama kuitwa vile.

Halafu masika fulani mvua ya mawe ikapiga Kirushya, maharage yakiwa kwenye maua. Mama alipoteza yote. Aliponipigia simu hakuwa hata na huzuni. Aliongea kama mtu aliyeweka akiba na sasa anaenda kuichukua. "Sasa ndiyo wakati wake. Ukija likizo ya Septemba niletee zangu. Na majirani wawili nimewaahidi, nao wamepigwa kama mimi."

Nilikata simu nikapanda juu ya stuli. Nikafungua dumu nikijua nitakuta unga wa wadudu. Nikakuta maharage yanang'aa. Majivu yalikuwa mahali pake, hakuna tundu hata moja. Furaha niliyoipata siku ile siisemi. Nilijiambia kumbe hakuna kilichoharibika, kumbe nimeyahifadhi vizuri kuliko mtu yeyote.

Mwalimu wa baiolojia anakaa nyumba ya pili. Kila mwaka huwaotesha wanafunzi maharage kwenye pamba mbichi, yanaota ndani ya siku chache, mtoto wa darasa la nne anaweza kufanya. Ningechukua punje tano tu. Niliwaza kufanya hivyo, ndiyo, niliwaza, nikaacha. Niliogopa kuona. Nikayafungasha kama yalivyo.

Mama aliyamwaga kwenye ungo mbele yangu, akayapepeta, akatia punje moja mdomoni akaing'ata. "Yamekauka sana," akasema.

"Jua la Biharamulo, mama."

Akacheka, akakubali. Kwa nini asikubali? Mimi ndiye niliyekuwa nayapanda. Siku ile ile akawaita wale majirani wawili, akawagawia viganjani, akawasifia mkono wangu. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, wakanishukuru. Nikapokea shukrani zao. Ardhi ilikuwa imeanza kulowa, na kabla sijaondoka mama alikuwa ameshaanzisha shamba lake na mashamba ya wale wawili, shimo la kwanza, la pili na la tatu, na Baba Yetu.

Nilikuwa nimerudi shuleni aliponipigia. Hakusalimia.

"Hayajaota."

"Labda mvua, mama."

"Mvua imenyesha. Ya wengine yameota. Nimefukua. Yameoza mashimoni. Ya kwangu na ya wale. Yote niliyoweka kwa mkono huu."

Nafasi ilikuwa hiyo. Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa nimesimama koridoni, kengele imelia, kitabu kiko kwapani. Nikasema, "Pole sana, mama," nikaingia darasani.

Mwaka mzima uliofuata nilinyamaza. Naweza kuutumia kama mfano ubaoni, maana hakuna matumizi ya lile neno langu ambayo sikuyatimiza: nilikaa kimya, nilificha siri, niliendelea kudanganya, nilikaa mbali. Krismasi sikwenda nyumbani, nikasingizia semina. Pasaka nikasingizia mafua. Mama hakulalamika. Sauti yake ya kwenye simu ilikuwa changamfu kupita kiasi, ile ya mtu anayekuficha jambo, na mimi nikashukuru kwamba ananificha.

Aliyeniambia ni mke wa kaka yangu. Ni mwanamke mpole, tunaitana wifi, na hajawahi kunisema kwa lolote. Alinipigia akiwa shambani. "Wifi, mama haitwi tena. Masika hii hakuna aliyemwita. Jembe lake amenipa mimi. Anasema mkono wake umekufa, asije akaniulia na ya kwangu." Nikamwuliza mama anafanya nini kutwa. "Anapukuchua, anaangalia mbuzi. Hata mboga hapandi. Mchicha, wifi! Ananiita mimi nimwage mbegu."

Nililia, lakini siku hiyo hiyo nilikula chakula cha jioni nikashiba, na hilo nalo ninalikumbuka.

Nilikwenda Septemba, kwa sababu visingizio vilikuwa vimeniishia. Nilifika mchana. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, amekonda, anamenya ndizi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Tuliamkiana, akauliza habari za shule, za walimu, za yule kipa mrefu niliyewahi kumsimulia. Kisha akafuta mikono kwa kanga, akaingiza vidole kwenye pindo na kutoa mbegu za maboga, chache tu. Akanyoosha kiganja.

"Nipandie hapo kando ya jiko," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe. Mkono wako ulivyoyaotesha maharage kule Biharamulo misimu yote ile, haya hayatakushinda."

Aliniangalia kwa imani kabisa. Hakuwa ananitega. Mama yangu hajui kutega mtu.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa kuanzia mwisho, kwamba yalikuwa ya zamani, kwamba ni yale yale aliyonipa yeye, kwamba sikuwahi kuyatoa kwenye dumu, kwamba hapakuwa na kuku wala walimu walioomba mbegu. Niliongea nikiangalia maganda ya ndizi. Nilipomaliza nikangoja anipige, na ningefurahi angenipiga.

"Hukupanda?"

"Sikupanda."

"Hata msimu mmoja?"

"Hata mmoja, mama. Nisamehe."

"Kwa hiyo yalikuwa yamekufa kabla sijayagusa?"

"Ndiyo."

Alitazama mikono yake. Aliigeuza, viganja juu, kisha chini. Halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akapiga makofi, akamwita mke wa kaka yangu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto. "We mwana! Njoo! Njoo usikie! Kumbe si mikono yangu! Si mikono yangu!" Akasimama, akanishika mabega akanitikisa, si kwa hasira, kwa furaha, kana kwamba nimemletea habari njema kutoka mbali.

Sijui kama kuna adhabu ingeniumiza kuliko furaha ile. Kadiri alivyocheka ndivyo nilivyoona ukubwa wa mzigo aliobeba mwaka mzima, akiamka nao na kulala nao, na mimi niliyemtwika nikiwa nafundisha, napokea mshahara, nafuma vitambaa. Mke wa kaka yangu alikuja, akasikia, akanitazama mara moja tu na kutazama pembeni.

Mama alipotulia alifuta uso. "Kesho jumuiya inasali kwa jirani," akasema. "Utasema."

"Mama, si utawaambia wewe?"

"Nikisema mimi watasema najitetea. Utasema wewe."

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, na kesho yake ilikuwa zamu ya mmoja wa wale wawili waliogawiwa maharage yangu. Walikuwepo karibu akina mama wote wa kilima. Tulisali rozari, tukaimba, ukafika wakati wa matangazo. Mama akasimama. "Mwanangu ana neno," akasema, akakaa.

Nikasimama. Nilianza Kiswahili, tena kile cha vikao: "Napenda kuchukua nafasi hii..."

"Sema Kihangaza," akasema bibi mmoja kutoka kwenye mkeka. Hakusema kwa ukali.

Nikasema Kihangaza. Katika lugha ile sina maneno ya mapambo, niliondoka nyumbani kabla sijajifunza. Nikasema mama alinipa mbegu nizipande, sikuzipanda. Kila alipouliza nilidanganya. Alipozitaka nilimletea za zamani nikamwambia ni mpya. Mkono wa mama hauna kosa. Ilikuwa fupi hivyo, na ilichukua muda mrefu kutoka.

Mwenye nyumba aliniuliza swali moja. "Wakati mama yako anatuwekea viganjani, na sisi tunakushukuru, ulikuwa unajua zimekufa?"

"Sikujua," nikasema. "Niliogopa kujua."

Alitikisa kichwa polepole. Hakunisamehe wala hakunilaani. Alinipita kwa macho, akamgeukia mama. "Kesho uje kwangu mapema," akamwambia. "Udongo umeshalowa." Bibi wa mkekani akasema na kwake pia, keshokutwa. Mwingine akadakia. Mama aliitikia kila mmoja kwa sauti ndogo, ameinamisha kichwa, na nilimwona akikunja na kukunjua vidole ndani ya kanga.

Tulipotoka, mwanamke mmoja kutoka ng'ambo ya bonde alitufuata hadi nyumbani. Aliolewa huko miaka mingi iliyopita, na mama alikuwa amemtunza kwa kopo la maharage siku ya harusi. Alisema ameyapanda miaka yote, ila yamechanganyikana na mengine. Alikuwa na kifuko. Mama aliyamwaga kwenye ungo, mekundu, meusi, ya madoa, na humo katikati ya njano yenye jicho jeusi. Hayakuwa mengi. Alikaa chini, akaanza kuyachagua mojamoja.

Mimi nilikaa kizingitini nikimtazama. Alipomaliza aliyagawa mafungu mawili. La kwanza akalifunga kwenye kitambaa, akalitia kifuani. Nikasogea kidogo. Sikunyoosha mkono, lakini nadhani alinielewa, kwa sababu alisita.

"Wewe mwanangu una kazi nyingi," akasema. Alisema kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa asijisumbue kuamka. Kisha akalifunga fungu la pili, akaniomba nimpishe mlangoni, akaenda kumpa mke wa kaka yangu.